Injini ya boti inapokohoa Ziwa Kivu: chanzo kiko wapi, na hutafutwaje?

Boti nyingi za matembezi katika Ziwa Kivu husukumwa na injini ndogo za petroli ambazo hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kufanya kazi usawa wa bahari. Zinapoanza kukosa mwako, jambo la kwanza linalofanywa huwa ni kubadilisha plagi, ilhali mara nyingi chanzo kimo ndani ya dumu la mafuta, au katika hewa yenyewe ya nyanda za juu.

Asubuhi katika mwambao wa Karongi, magharibi mwa Rwanda, boti za kutembeza wageni huondoka kuelekea kisiwa cha Napoleon, kinachojulikana kwa popo wake, au kisiwa cha Amahoro. Saa hizo maji huwa yametulia na sauti husafiri mbali. Mtu aliyezoea ziwa hahitaji kuiona boti ili ajue kwamba ina hitilafu. Injini nzima hutoa mlio mmoja ulionyooka. Injini yenye kasoro husita, hukohoa, hurudia mlio wake kwa sekunde chache, kisha husita tena, na wakati huohuo chombo kizima hutetemeka na kushindwa kuinua pua juu ya maji.

Mafundi wa Afrika Mashariki wana neno lao kwa hali hiyo: husema injini "inamisi". Maana yake ni kwamba katika silinda moja au zaidi, mchanganyiko wa petroli na hewa haukuwaka pale ulipotakiwa kuwaka. Katika injini ya mipigo miwili, aina ambayo bado imeenea sana katika maziwa ya ukanda huu, kila silinda inatakiwa kuwaka mara moja katika kila mzunguko. Injini inayozunguka mara 5,000 kwa dakika huhitaji zaidi ya cheche 80 kwa sekunde katika kila silinda. Cheche chache zikikosekana, sikio hutambua. Zikikosekana zote katika silinda moja ya injini yenye silinda mbili, nahodha hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu, kwa sababu silinda iliyo hai hulazimika pia kuiburuta ile iliyokufa.

Ili mwako utokee, mambo matatu lazima yakutane kwa wakati mmoja: petroli na hewa kwa kipimo kinachofaa, mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, na cheche yenye nguvu inayokuja kwa wakati wake. Uchunguzi wote wa injini inayomisi ni kutafuta ni lipi kati ya hayo limekosekana. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya bei ghali. Inahitaji utaratibu, na kwa bahati mbaya utaratibu ndio unaokosekana pale wageni wameshavaa maboya na wanasubiri kuondoka.

Hatari iliyo mbele ya kikohozi

Wapo manahodha wanaoizoea injini inayomisi. Wanajua kwamba ukiongeza mwendo kidogo "inatulia", nao huendelea na safari. Hesabu hiyo huenda ikakubalika kando ya gati, lakini Ziwa Kivu lina kina cha zaidi ya mita 470, mwambao wake katika sehemu nyingi ni wa miinuko mikali isiyo na mahali pa kuegesha, na upepo wa alasiri unaweza kuinua mawimbi kwa muda mfupi. Boti isiyo na nguvu haiwezi kuelekeza pua yake kwenye wimbi. Hugeuka ubavu, na ubavuni ndiko maji yanakoingilia.

Ukanda huu umekwisha kuona gharama ya kuvumilia chombo kibovu. Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe MV Templar ilizama katika Ziwa Victoria, wilaya ya Mukono nchini Uganda, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Maafisa walieleza kwamba boti hiyo ilikuwa imepakia kupita kiasi, haikuwa na leseni, na hali yake ya kimitambo ilitiliwa shaka. Ajali ya namna hiyo haiwezi kubebeshwa sababu moja. Hata hivyo, ni vigumu kutaja chombo kilichojaa watu ambacho hakingekuwa salama zaidi kama kingekuwa na injini inayotii.

Kuna pia hasara ndani ya injini yenyewe. Ikiwa inamisi kwa sababu mafuta ni machache mno kulingana na hewa, joto ndani ya silinda hupanda na pistoni inaweza kuyeyuka au kutoboka. Katika injini ya mipigo minne, petroli isiyowaka huteremka kupitia pembeni mwa pistoni na kuingia katika oili. Fundi akichomoa kijiti cha kupimia akaona oili imeongezeka badala ya kupungua, na inanuka petroli, hana sababu ya kufurahi.

Swali la kwanza ni "lini?"

Kabla ya kugusa spana, fundi makini humwuliza nahodha maswali. Injini inamisi wakati gani? Ikiwa inamisi boti ikiwa imesimama, lakini hutulia ikiongezwa mwendo, shaka huelekea kwenye vijitundu vya mwendo wa chini ndani ya kabureta, ambavyo huzibwa na gundi inayoachwa na petroli iliyokaa muda mrefu. Ikiwa inakwenda vizuri polepole na kukohoa inapobebeshwa mzigo, huenda mafuta hayafiki kwa kasi inayotakiwa, au cheche ni dhaifu kiasi kwamba haiwezi kuruka pale mgandamizo unapokuwa mkubwa. Ikiwa inaanza vizuri na kuharibika baada ya dakika kumi au ishirini, yapo mambo mawili ya kutazama: tundu la hewa la tangi, au kifaa cha umeme kinachopoteza nguvu kikipata joto.

Hili la tundu la hewa linastahili kusemwa kwanza kwa sababu linatia aibu wengi. Kifuniko cha tangi la mafuta linalobebeka kina skrubu ndogo ya kupitishia hewa, ambayo hufungwa wakati wa kusafirisha tangi ili mafuta yasimwagike. Nahodha akisahau kuifungua, injini itawaka bila shida, kwa maana ndani ya tangi bado kuna hewa. Kadiri petroli inavyonyonywa, ombwe huongezeka humo ndani, pampu hushindwa kuvuta, na injini huanza kukohoa katikati ya safari. Dalili yake iko wazi: ule mpira wa kusukumia mafuta kwa mkono, ulio kwenye bomba kati ya tangi na injini, huwa umenyonywa na kubonyea. Skrubu ikifunguliwa, husikika hewa ikiingia kwa mluzi, na tatizo huisha.

Mpira huohuo ni kipimo kizuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Injini ikianza kumisi boti ikiwa kwenye mwendo, mtu wa pili na aubinye mara kadhaa. Injini ikirudi katika hali yake kwa muda, basi umeme hauna kosa. Yaliyobaki kuchunguzwa ni pampu ya mafuta, ambayo utando wake wa mpira huchanika kwa uzee, au mahali fulani kwenye bomba panapoingiza hewa. Mpira uliobonyea unaeleza kwamba kizuizi kiko upande wa tangi. Ulio laini usiojaa hata ukibinywa unaeleza kwamba hewa inaingia au vali zake ndogo zimechoka. Dakika mbili za kubinya huokoa siku nzima ya kufungua injini.

Mafuta ya madumu

Katika miji mingi ya mwambao, petroli haiingii botini moja kwa moja kutoka pampu ya kituo. Hununuliwa barabarani, huteremshwa hadi ufukweni katika madumu na kumiminwa kwa faneli. Nchini Burundi, ambako uhaba wa mafuta umekuwa mkali katika miaka ya karibuni, petroli ya magendo kutoka upande wa Kongo imekuwa ikiuzwa hata kwa chupa. Kila inapohamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, nafasi ya kuingiliwa na kitu kingine huongezeka.

Kitu hicho mara nyingi ni maji. Dumu lililooshwa na kutokaushwa, mvua iliyonyesha wakati wa kujaza, au umande unaojikusanya usiku ndani ya tangi lililoachwa nusu tupu, vyote huleta matokeo yaleyale. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo huzama chini ya tangi, mahali hasa ambapo bomba huanzia kunyonya. Boti ikiwa imetulia, huenda injini isionyeshe dalili yoyote. Mawimbi yakianza kuitikisa, maji hupanda na kuingia bombani, na injini humisi pale inapohitajika zaidi.

Kipimo chake hakigharimu chochote. Petroli kutoka chini kabisa ya tangi humiminwa katika chupa safi ya kioo na kuachwa isitikiswe kwa muda wa robo saa. Kama kuna maji, yatajitenga chini kwa mstari unaoonekana wazi. Dawa ni kuondoa mafuta yote, kukausha tangi, kubadilisha filta na kufungua skrubu zilizo chini ya kabureta ili kutoa maji yaliyokwisha kufika huko. Kukausha plagi pekee, jambo linalofanywa sana, huiwasha injini kwa dakika chache tu. Petroli iliyoondolewa isimwagwe ziwani. Watu wanaoishi kando ya maji hayo huyachota kwa matumizi ya nyumbani.

Uchafuzi wa aina ya pili ni wa makusudi. Mafuta ya taa yalipokuwa nafuu kuliko petroli, wapo wafanyabiashara waliochanganya. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Mafuta ya taa hayawaki kwa wepesi wa petroli. Injini inayoyanywa huwa ngumu kuwaka ikiwa baridi, hutoa moshi, hugonga ikibebeshwa mzigo, na plagi zake huwa nyeusi mapema.

Kisha kuna oili. Injini nyingi za mipigo miwili hutaka lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani mililita 400 katika dumu la lita 20. Mtu anayepima kwa chupa ya soda ya nusu lita, au kwa jicho, huzidisha kipimo pasipo kujua, na oili ya ziada hugeuka masizi kwenye plagi. Anayepunguza ili kuokoa fedha hatasikia injini ikimisi mwanzoni. Atasikia ikikwama.

Hewa nyepesi ya ziwa la juu

Sababu inayosahaulika zaidi haionekani wala hainuki. Uso wa Ziwa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,134, na Ziwa Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Kadiri mahali palivyo juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Kivu ina karibu sehemu moja ya saba pungufu ya ile iliyoko Dar es Salaam au Mombasa, bandari zinazopokea bidhaa nyingi za nchi hizi zisizo na pwani.

Kabureta haijui kwamba imepandishwa mlimani. Ndani yake mna vipande vidogo vya shaba vyenye matundu, ambavyo mafundi huviita jeti, na ukubwa wa tundu ndio unaoamua petroli kiasi gani ipite. Jeti iliyopangwa kwa hewa nzito ya pwani itaendelea kumimina mafuta mengi hata pale hewa ilipopungua. Mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi mno, injini inakuwa nzito, inatoa moshi, na baada ya saa kadhaa za mwendo wa polepole kando ya visiwa, plagi zinafunikwa na masizi meusi. Masizi hupitisha umeme, hivyo cheche huteleza juu yake badala ya kuruka kwenye mwanya. Injini inamisi. Mwenye boti ananunua plagi mpya, injini inapona kwa wiki moja, kisha anarudi dukani. Mzunguko huu unaweza kuendelea kwa miaka, na duka la vipuri halina sababu ya kulalamika.

Tiba ni kuweka jeti ndogo zaidi, kwa kufuata jedwali la mtengenezaji linalotaja ukubwa unaofaa kwa kila kimo. Pamoja na hilo, rafadha, yaani pangaboi, inapaswa kuwa na mlalo mdogo zaidi, kwa kuwa injini iliyopungukiwa na hewa haiwezi kuzungusha kwa kasi inayotakiwa pangaboi lililochaguliwa kwa ajili ya baharini. Nguvu iliyopotea kwa uhaba wa hewa hairudishwi na jeti. Ndiyo maana boti inayobeba watu wanane bila shida pwani inaweza kujikokota na haohao wanane mbele ya Karongi, hata injini ikiwa nzima kabisa.

Onyo linafuata upande wa pili. Mto Ruzizi huyatoa maji ya Kivu pale Bukavu na kuyashusha hadi Tanganyika, tofauti ya karibu mita 700. Injini iliyowekewa jeti ndogo Bukavu, kisha ikauzwa na kuteremshwa Uvira au Bujumbura, itakutana na hewa nzito huku ikipewa petroli chache. Haitatoa moshi, na itaonekana kuwa na afya, hadi siku itakapotoboa pistoni kwenye mwendo wa kasi. Mnunuzi wa injini iliyokwisha kutumika hana budi kuuliza ilikuwa ikifanya kazi katika ziwa gani. Injini mpya zinazonyunyiza mafuta kwa kompyuta hupima zenyewe mgandamizo wa hewa na kujirekebisha. Zenyewe hupoteza nguvu tu, hazichafui plagi kwa sababu hii.

Ikumbukwe kwamba gesi ya methani iliyomo Ziwa Kivu haina uhusiano na jambo hili. Gesi hiyo imefungiwa katika maji ya kina kirefu, na mradi wa KivuWatt, ulio karibu na Karongi na wenye uwezo wa megawati 26, hulazimika kuyavuta maji hayo kwa mabomba ili kuipata.

Plagi kama shahidi

Baada ya mafuta na hewa, zamu ni ya cheche. Plagi huondolewa moja baada ya nyingine na kupangwa kwa mfuatano wa silinda zake, kwa maana plagi iliyochanganywa na nyingine haina ushahidi tena. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni ya silinda yenye afya. Nyeusi na kavu inaeleza petroli nyingi. Nyeusi yenye unyevu na harufu ya mafuta inaeleza kwamba petroli ilifika lakini haikuwaka, na hapo umeme unaanza kushukiwa. Nyeupe kama chokaa ni dalili ya joto kali, na vitone vidogo vinavyong'aa vya metali ni vipande vya pistoni inayoanza kuyeyuka. Injini hiyo isiwashwe tena. Kutu au matone ya maji huelekeza kwenye gasketi iliyopasuka.

Ili kujua silinda ipi haifanyi kazi, mafundi huondoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikiwa inazunguka polepole. Waya wa silinda iliyo hai ukitolewa, mlio hushuka mara moja. Ukitolewa ule wa silinda iliyokufa, hakuna kinachobadilika. Kipimo hiki ni kizuri lakini kina masharti. Umeme huo hufikia maelfu mengi ya volti, hivyo koleo lenye mikono isiyopitisha umeme ni la lazima. Waya uliotolewa uguse chuma cha injini, usiachwe ukining'inia, la sivyo kifaa kinachozalisha cheche kinaweza kuungua. Na kwa kuwa cheche na mvuke wa petroli havikai pamoja, bomba la mafuta lichunguzwe kwanza kama halivuji, na kifuniko cha injini kiachwe wazi kwa muda kabla ya kuanza.

Silinda mbovu ikishatambulika, inatosha kubadilishana. Plagi yake ihamishiwe kwa jirani. Ubovu ukihama nayo, plagi ndiyo yenye kosa. Ukibaki, koili ihamishwe, ikiwa zinafanana. Njia hii ya kuhamisha kitu kimoja kwa wakati mmoja ni ya polepole, lakini ndiyo inayotofautisha uchunguzi na kubahatisha. Fundi anayebadilisha plagi, koili na kusafisha kabureta kwa mkupuo mmoja huenda akaiponya injini bila yeye wala mwenye boti kujua iliponywa na nini.

Wakati wa giza husaidia pia: injini ikizunguka usiku ufukweni, waya uliopasuka huonyesha vijicheche vya buluu vinavyorukia chuma. Na kabla ya kuhukumu koili, swichi inayozimia injini kwa kamba inayofungwa mkononi mwa nahodha ichunguzwe. Ikishika kutu, hugusisha na kuachia kila boti inapogonga wimbi, na injini humisi kwa namna inayowachanganya wengi.

Mgandamizo huachwa mwisho kwa sababu ukikosekana, matengenezo yake ni ya gharama. Geji hufungwa mahali pa plagi na injini kuvutwa mara kadhaa eksileta ikiwa imefunguliwa. Hapa tena kimo kina la kusema: katika Ziwa Kivu geji itasoma takriban asilimia 15 chini ya tarakimu iliyoandikwa kwa ajili ya usawa wa bahari, na injini nzima inaweza kuhukumiwa kufunguliwa bure. Kinachojalisha ni silinda kulinganishwa na mwenzake. Tofauti ya zaidi ya asilimia kumi inataka maelezo. Kijiko kidogo cha oili kikimiminwa ndani na kipimo kikapanda, ringi za pistoni zimelika.

Injini inapojilinda

Wakati mwingine injini haiumwi. Injini nyingi za kisasa, zikipata joto kupita kiasi au zikiishiwa oili, hukata cheche kwa makusudi ili kupunguza mwendo. Kwa masikio, hali hiyo haina tofauti kubwa na kumisi, isipokuwa mara nyingi huambatana na king'ora au taa. Jambo la kutazama ni mchirizi wa maji ya kupoozea unaotoka nyuma ya injini. Ukiwa dhaifu au umekauka, injini izimwe mara moja.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, lakini ziwa halina mpaka, na takataka za plastiki zinazotiririka kuelekea Bukavu zimekuwa zikikwamisha hata mitambo ya bwawa la umeme la Ruzizi. Mfuko mmoja ukinaswa kwenye matundu ya kuingizia maji unatosha kuikausha injini. Kuuondoa kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na kuinuliwa, huchukua sekunde chache. Yule aliyekimbilia kufungua kabureta atagundua hilo jioni.

Injini iliyokwisha kutengenezwa haipimwi nchi kavu. Bila maji, impela ya mpira ya pampu ya kupoozea huharibika katika muda mfupi sana, na bila mzigo, cheche dhaifu haijitokezi. Kipimo cha kweli ni boti majini, ikiwa na uzito unaokaribia ule wa safari ya kawaida, ikikimbizwa kwa dakika kadhaa kandokando ya ufuko huku maboya yakiwa yamevaliwa na makasia yakiwa ndani. Kisha injini huzimwa ghafla kutoka kwenye mwendo huo, bila kuachwa ipoe kwa mwendo wa polepole, na plagi hutolewa zikiwa bado moto, kwa glavu au kitambaa kizito. Rangi inayoonekana wakati huo ni ya mwendo wa safari, si ya mwendo wa gatini. Zikiwa za kahawia hafifu zote, hurudishwa mahali pake, waya husukumwa hadi usikike ukishika, na seti moja ya plagi za akiba pamoja na spana yake huwekwa katika mfuko usioingia maji chini ya kiti cha nahodha.